Patrice Lumumba: waziri mkuu aliyefukuzwa kazi, akaenda kujibu mbele ya wabunge

Jina la Patrice Émery Lumumba linajulikana na kila mtu katika wilaya ya Fizi, kuanzia mzee aliyeona vita vya 1964 mpaka mtoto wa shule ya msingi. Wengi wanajua namna alivyouawa. Lakini ni wachache wanaojua namna alivyofanya kazi yake ya mchaguliwa wa raia. Wachache wanajua kwamba kabla ya siasa aliwahi kufungwa juu ya feza ya serkali. Wachache wanajua kwamba alipinga wabunge wenzake walipojipandishia mshahara. Na wachache zaidi wanajua kwamba siku mbili baada ya kutangazwa kuwa amefukuzwa kazi, alienda ndani ya bunge akajibu mashtaka moja baada ya lingine, mbele ya watu waliochaguliwa kama yeye.

Leo raia wa Fizi, Baraka na vijiji vya kando ya ziwa wanauliza mbunge anatoa hesabu kwa nani, na kwa njia gani. Swali hilo ni la zamani. Lilianza pamoja na inchi yenyewe, mwaka 1960.

Kijana wa Onalua

Lumumba alizaliwa tarehe 2 Julai 1925 katika kijiji cha Onalua, upande wa Katako-Kombe, katika Sankuru. Alikuwa mtu wa kabila la Batetela. Wazazi wake walikuwa wakulima. Alisoma ku shule za misheni, za Wakatoliki na za Wametodisti, lakini hakufika mbali. Elimu nyingine aliitafuta mwenyewe kwa kusoma vitabu usiku na kwa kuandika katika magazeti ya wakati ule.

Mwaka 1944 alifika Stanleyville, muji ambao leo unaitwa Kisangani. Huko akapata kazi ya posta. Akatumwa Léopoldville, Kinshasa ya leo, kusomea kazi hiyo, kisha akarudi Stanleyville na kupanda cheo. Zamani zile Mwafrika aliyekuwa na kazi ya ofisi alihesabiwa kuwa mtu mkubwa, lakini mshahara wake ulikuwa mbali sana na ule wa Mbelgiji aliyeketi ku meza ya pili akifanya kazi ileile.

Lumumba akawa kiongozi wa vyama vya wafanyakazi na vya watu waliosoma. Watu walimpenda juu ya ulimi wake na juu ya bidii yake. Kama kuna barua ya kuandikia serkali, ni yeye. Kama kuna mkutano wa kuongoza, ni yeye.

Feza ya posta

Mwaka 1956 alikuwa kati ya Wakongomani walioalikwa kutembelea Ubelgiji. Aliporudi, mwezi wa Julai, polisi wakamkamata. Shtaka lilikuwa moja: alichukua feza ya posta, franga zaidi ya laki moja. Hakukana kwamba alizichukua. Alijitetea kwa kusema kwamba mshahara haukutosha kwa maisha aliyolazimishwa kuishi. Feza ilirudishwa, lakini korti lilimhukumu, akakaa gerezani mpaka Septemba 1957.

Watu wanaompenda Lumumba mara nyingi hupita haraka juu ya habari hii. Wanaomchukia nao hawaachi kuirudilia. Ukweli ni kwamba ilitokea, na ina maana yake kwa wakati huu. Kijana yule alishika feza isiyo yake, akaulizwa, akajibu, akalipa, akafungwa. Adhabu ilipoisha, alirudi kati ya watu bila kujificha, na watu wakamsikiliza tena wakijua kila kitu. Katika inchi ambako mtu anaweza kula feza ya barabara nzima na asiulizwe hata siku moja, ni vizuri kukumbuka kwamba shujaa wa taifa alipitia mlango wa gereza juu ya feza ya posta.

Kutoka bia mpaka siasa

Alipotoka gerezani alihamia Léopoldville, akapata kazi katika kiwanda cha bia, kazi ya kutangaza bia Polar. Alizunguka ku mabaa na ku vyama vya muji, akajulikana na watu wa kila kabila. Mwezi wa Oktoba 1958 yeye na wenzake wakaanzisha chama cha MNC, ambacho hakikutaka kuwa cha kabila moja wala cha jimbo moja. Desemba ya mwaka ule akaenda Accra, katika Ghana ya Kwame Nkrumah, kwenye mkutano wa mataifa ya Afrika. Alirudi akidai uhuru wa haraka.

Mwaka 1959 chama kiligawanyika. Upande mmoja ukabaki na Lumumba, ukaitwa MNC-L, upande mwingine ukaenda na Albert Kalonji. Mwezi wa Oktoba, kisha mkutano wa chama Stanleyville, kukatokea fujo, askari wakafyatua risasi na watu wengi wakafa. Lumumba akakamatwa, na Januari 1960 akahukumiwa miezi sita.

Lakini wakati huohuo Wabelgiji walikuwa wameita viongozi wa Kongo ku Bruxelles, kwenye ule mkutano unaoitwa Meza ya duara. Wajumbe wa Kongo wakakataa kuendelea bila Lumumba. Akatolewa gerezani, akapandishwa ndege, akafika Bruxelles akiwa bado na alama za pingu ku mikono. Siku ya uhuru ikawekwa: tarehe 30 Juni 1960.

Kura ya kwanza

Uchaguzi wa bunge ulifanyika mwezi wa Mei 1960. Sheria ya msingi iliyoandikwa Bruxelles ilipanga mbunge mmoja kwa kila watu 100,000. Ndiyo maana baraza la kwanza lilikuwa na viti 137. Waliopiga kura ni wanaume peke yao. Mama zetu hawakuwa na haki hiyo bado.

Katika Kivu, chama kilichotamba sana kilikuwa CEREA cha Anicet Kashamura. Katika inchi nzima, MNC-L kilipata viti vingi kuliko chama kingine chochote, 33. Lakini 33 juu ya 137 si wingi. Ili kutawala, Lumumba alilazimika kuongea na wengine, akiwemo Kashamura, ambaye alipewa wizara ya habari.

Wabelgiji walisitasita kumpa Lumumba kazi ya kuunda serkali, hata wakamjaribu kwanza Joseph Kasa-Vubu. Mwishoni kura ya kumchagua kiongozi wa baraza la wabunge ndiyo iliyokata maneno. Joseph Kasongo, mtu wa MNC-L, akashinda. Hapo ikaonekana wazi nani ana watu wengi.

Tarehe 23 Juni, Lumumba akaleta mawaziri wake mbele ya wabunge kuomba imani yao. Haikuwa sherehe. Wabunge walizungumza mpaka usiku. Wengine walilalamika kwamba sehemu zao hazikupata waziri, wengine kwamba kabila lao limedharauliwa, na wengi hawakuja kabisa. Alipata kura 74 juu ya 137. Kesho yake Seneti nayo ikampa imani. Kwa hiyo serkali ya kwanza ya Kongo iliingia kazini ikijua kitu kimoja: wabunge ndio walioipa kazi, na wabunge wanaweza kuinyanganya.

Mshahara wa wabunge

Katika siku za kwanza kabisa za uhuru, wabunge walifanya jambo ambalo linafaa kukumbukwa. Mshahara wao ulikuwa umepangwa kuwa franga 100,000 kwa mwaka. Wakapiga kura na kuupandisha mpaka franga 500,000, mara tano. Lumumba alikuwa kati ya wachache waliopinga. Aliona kwamba huo ni wazimu utakaoharibu inchi, na kwamba raia watatazama na kuhesabu.

Hakusikilizwa. Na kweli raia walitazama. Askari vilevile walitazama. Kwao uhuru haukuleta kitu: waofisa walibaki Wabelgiji, vyeo vilevile, mshahara uleule. Jenerali Janssens, aliyewaongoza, aliwaandikia hata ubaoni kwamba baada ya uhuru hakuna kitakachobadilika kwao. Tarehe 5 Julai askari wakaasi ku Thysville na Léopoldville. Haifai kusema kwamba mshahara wa wabunge peke yake ndio ulioleta maasi. Lakini askari aliyekaa na njaa ku kambi alijua vizuri kwamba mchaguliwa amejipimia sahani yake kwanza.

Tangu wakati ule, mambo ya mshahara wa wachaguliwa hayajatoka ku midomo ya Wakongomani.

Miezi miwili ya moto

Kisha hapo mambo yalikwenda mbio. Wabelgiji wengi wakakimbia. Jeshi la Ubelgiji likaingia bila ruhusa ya serkali. Tarehe 11 Julai Moïse Tshombe akatangaza kwamba Katanga imejitenga. Lumumba na Kasa-Vubu wakaita ONU, na askari wake wakafika, lakini hawakuingia Katanga kwa nguvu kama Lumumba alivyotaka. Mwezi wa Agosti, Kalonji naye akajitenga na Kasai ya Kusini.

Hapa ndipo hesabu ya Lumumba inakuwa nzito. Alikuwa waziri mkuu na pia waziri wa ulinzi. Tarehe 9 Agosti alitangaza hali ya hatari. Magazeti yalibanwa na wapinzani walikamatwa. Mwisho wa mwezi jeshi lilitumwa Kasai, na ku Bakwanga, Mbuji-Mayi ya leo, raia wengi waliuawa. Watu wa Kasai hawajasahau. Alikuwa akitetea umoja wa inchi, ni kweli. Lakini askari wake walipoua raia, yeye ndiye aliyekuwa mkubwa wao, na bunge lilikuwa na haki ya kumuuliza. Aliomba silaha na ndege kwa Urusi ya Kisovieti, na hapo maadui wa nje wakazidi.

Wiki ya Septemba

Tarehe 5 Septemba 1960, usiku, raisi Kasa-Vubu alienda ku redio akatangaza kwamba amemfukuza Lumumba pamoja na mawaziri sita. Sheria ya msingi iliandika kwamba raisi anaweza kuachisha waziri mkuu. Lakini roho ya sheria ileile ilikuwa kwamba serkali inatoa hesabu mbele ya bunge, na bunge halikuwa limemnyanganya Lumumba imani. Lumumba naye hakungoja. Usiku uleule alienda ku redio akatangaza kwamba Kasa-Vubu si raisi tena. Hiyo haki hakuwa nayo.

Kesho yake watu wa ONU wakafunga redio ya Léopoldville pamoja na viwanja vya ndege. Kasa-Vubu na wenzake waliweza kusema kupitia Radio Brazzaville, ng'ambo ya mto. Lumumba hakuwa na redio. Kilichobaki kwake ni bunge.

Tarehe 7 Septemba akaingia ndani ya baraza la wabunge. Wengi waliokuwa pale walikuwa wamekwisha kumkasirikia. Walimshtaki kwamba anatawala peke yake, kwamba anakamata watu, kwamba anapenda Wakomunisti, kwamba anatumia feza bila kuuliza. Akasimama, akaanza kujibu. Alichukua shtaka moja, akalijibu, akachukua lingine. Alizungumza kwa muda mrefu. Hata watu wasiompenda walikubali kwamba alijitetea vizuri.

Kisha ikapigwa kura. Na kura hiyo ndiyo jambo kubwa la habari hii. Wabunge hawakusema kwamba Lumumba amefanya vizuri kila kitu, wala hawakumkubalia Kasa-Vubu. Kwa kura 60 juu ya 19 walifuta matangazo yote mawili: lile la raisi kufukuza waziri mkuu, na lile la waziri mkuu kufukuza raisi. Waliwaambia wote wawili kwamba wamepita mipaka. Waliomba wapatanishwe. Tarehe 8 Septemba Seneti nayo ikapiga kura upande wa Lumumba.

Bunge lile lilikuwa na umri wa miezi mitatu hivi. Wengi ndani yake hawakuwahi kuona bunge lolote kabla ya kuketi katika lao. Mshahara wao walijipandishia, ndiyo. Lakini wiki ile walifanya kazi ambayo raia aliwatuma: waliita wakubwa, wakawauliza, wakasikiliza, wakakata maneno kwa kura na si kwa bunduki.

Kasa-Vubu hakukubali. Tarehe 13 Septemba mabaraza mawili yakakutana pamoja na kumpa Lumumba uwezo mkubwa zaidi, ingawa wengine walibisha kwamba idadi ya waliohudhuria haikutosha. Kesho yake, tarehe 14 Septemba, kolonele Joseph-Désiré Mobutu alitangaza ku redio kwamba wanasiasa wote wanawekwa pembeni. Bunge likafungwa, likawekewa askari.

Bila bunge, bila swali

Siku bunge lilipofungwa, Lumumba hakuwa tena na mahali pa kujibu, na maadui wake hawakuwa tena na mtu wa kuwauliza. Kuanzia tarehe 10 Oktoba alizungukwa ku nyumba yake na askari wa aina mbili: wale wa ONU wa kumlinda, na wale wa Mobutu wa kumkamata akitoka. Usiku wa tarehe 27 Novemba akatoroka ndani ya gari, akaelekea Stanleyville ambako watu wake walikuwa.

Njiani alisimama mara kwa mara. Watu wa vijiji walimtambua, wakakusanyika, naye akawasalimu na kuzungumza nao. Saa zikapotea. Mwanzo wa Desemba askari walimfikia karibu na mto Sankuru, ku Lodi. Akarudishwa Léopoldville akiwa amefungwa kamba, akapigwa mbele ya kamera, kisha akapelekwa kambi ya Thysville.

Tarehe 17 Januari 1961 akapandishwa ndege pamoja na wenzake wawili, Maurice Mpolo, waziri wa vijana na michezo, na Joseph Okito, makamu wa kiongozi wa Seneti. Walipigwa ndani ya ndege mpaka Élisabethville, Lubumbashi ya leo. Usiku uleule walipigwa risasi porini, mawaziri wa Katanga na waofisa Wabelgiji wakiwa pale. Kisha miili yao ikakatwa na kuyeyushwa ndani ya asidi. Lumumba alikuwa na umri wa miaka 35. Watu watatu waliokuwa na kazi za taifa waliuawa bila korti, bila shtaka, bila kaburi.

Moto unafika Fizi

Bunge lilifunguliwa tena mwaka 1961, Lovanium, na Cyrille Adoula akawa waziri mkuu. Mwezi wa Septemba 1963 Kasa-Vubu akalifunga tena. Wafuasi wa Lumumba, wengi wao wachaguliwa wa 1960, wakavuka mto mpaka Brazzaville na kupanga vita. Pierre Mulele, aliyekuwa waziri katika serkali ya Lumumba, alikwisha kuingia pori la Kwilu. Gaston Soumialot akatumwa upande wa mashariki.

Mwezi wa Mei 1964 Uvira ikaanguka mikononi mwa waasi. Fizi na Baraka zikafuata. Vijana Babembe wengi wakaingia katika vita hivyo, na jina walilolibeba lilikuwa la Lumumba. Aprili 1965 Che Guevara akavuka ziwa kutoka Kigoma akafika Kibamba. Mwisho wa Septemba 1965 askari wa serkali pamoja na mamluki wazungu wakashuka ku ufuko wa Baraka. Watu wa vijiji wakakimbilia milimani, wengine wakavuka mpaka Kigoma. Novemba ileile Che akaondoka, na Mobutu akachukua utawala wote. Laurent-Désiré Kabila akabaki, na mwaka 1967 akaanzisha PRP katika milima ya Fizi, mahali palipoitwa Hewa Bora.

Vita hivyo vilikuwa na sababu nyingi: umaskini, ukabila, mkono wa watu wa nje, hasira juu ya kifo cha Lumumba. Lakini moja haitajwi sana. Nyumba ya kuulizia maswali ilikuwa imefungwa mara mbili katika miaka mitatu. Mtu mwenye malalamiko dhidi ya serkali hakuwa na mahali pa kuyapeleka isipokuwa pori. Na pori lile lilikuwa hapa. Ni mashamba ya hapa yaliyoachwa, ni watoto wa hapa waliokosa shule.

Jino linarudi

Kisha 1965, Wakongomani hawakupiga tena kura ya vyama vingi mpaka mwaka 2006. Ni kusema miaka 41. Mtu aliyezaliwa Fizi wakati wa vita vya Simba alikuwa na wajukuu siku alipochagua mbunge kwa uhuru mara ya kwanza.

Kuhusu kifo cha Lumumba, bunge lililouliza maswali halikuwa la Kongo. Lilikuwa la Ubelgiji. Mwaka 2000 wabunge wa Ubelgiji waliunda tume ya uchunguzi, wakafungua makaratasi ya zamani, wakaita mashahidi. Mwisho wa 2001 wakaandika kwamba baadhi ya wakubwa wa Ubelgiji walikuwa na jukumu la kimaadili katika kifo hicho. Februari 2002 serkali ya Ubelgiji ikaomba msamaha. Wengi Kongo waliona kwamba maneno yale ni madogo. Hata hivyo, yalitoka kwa wachaguliwa waliouliza serkali yao wenyewe juu ya damu ya miaka 40 nyuma.

Kilichobaki cha mwili wake kilikuwa jino moja, lililochukuliwa na polisi mmoja Mbelgiji aliyesaidia kuharibu miili. Tarehe 20 Juni 2022 jino hilo lilirudishwa kwa familia yake ku Bruxelles. Lilipelekwa Onalua, Kisangani na Lubumbashi, kisha likazikwa Kinshasa tarehe 30 Juni 2022, miaka 62 kamili kisha uhuru.

Na mbunge wa leo?

Katiba ya 2006 imerudisha mengi ambayo wabunge wa 1960 walipigania. Kifungu cha 138 kinampa mbunge njia za kuuliza serkali: swali la kuandika au la mdomo, swali la mambo ya sasa, kumwita waziri ajieleze mbele ya wote, tume ya uchunguzi, na kusikilizwa ndani ya kamati. Bunge linaweza pia kuangusha serkali kwa kura. Kwa hiyo mbunge wa Fizi hawezi kusema kwamba hana uwezo wa kuuliza juu ya barabara ya Uvira mpaka Baraka, au juu ya askari waliotumwa ku Milima na hawalipwi.

Lakini kifungu cha 101 kinasema pia kwamba mbunge anawakilisha taifa zima, na kwamba waliomchagua hawawezi kumfunga kwa amri. Maana yake ni kwamba raia wa Mutambala, Ngandja, Lulenge au Tanganyika hawawezi kumwondoa mbunge wao katikati ya miaka mitano, hata akikaa Kinshasa bila kurudi. Kitu walicho nacho ni kura ya mwisho wa muhula, na kabla ya hiyo, midomo yao.

Bunge linakaa mara mbili kwa mwaka: kuanzia 15 Machi mpaka 15 Juni, na kuanzia 15 Septemba mpaka 15 Desemba. Kati ya vikao hivyo mbunge ana likizo, na likizo hiyo ni ya kurudi kwa watu waliomtuma, kuwasikiliza na kuwaeleza aliyoyafanya. Mara nyingi raia wakimpata mbunge siku hiyo wanaomba bia, mabati au tiketi ya mgonjwa. Shida ni za kweli na hakuna wa kuzicheka. Lakini mbunge akitoa mabati kumi, anaondoka bila mtu kumuuliza kazi yake hasa.

Maswali ambayo wabunge wa 1960 walimuuliza Lumumba hayakuhitaji diploma. Ulitumia feza gani? Nani alikuruhusu? Kwa nini yule amekamatwa? Askari wako walifanya nini kule? Raia wa Fizi anaweza kuuliza hayohayo ku mkutano wa shule, ku kanisa, ku msikiti, ku redio ya mtaa: uliuliza waziri gani, siku gani, alijibu nini, na bajeti ile ulipigia kura ya ndiyo au ya hapana?

Lumumba alikosea mambo mengi, na mengine yalimwaga damu. Lakini wabunge walipomtaka ajibu, hakutuma mtu mwingine na hakungoja hasira ipoe. Alienda yeye mwenyewe, siku mbili baada ya kutangazwa kuwa amefukuzwa, akiwa hana redio wala uhakika wa kulala nyumbani kwake.